Kuhusu Mikono ya Mama Yako

Matiliku, Jumapili jioni

Syombua,

Mambo ya sanduku nimemwachia mama yako. Amekwisha kukuambia ni blanketi lipi la kutandika na lipi la kujifunika, kwamba sabuni isikae na mkate, na kwamba msichana anayewaazima wenzake viatu wiki ya kwanza atatembea na ndara muhula mzima. Hapo sina la kuongeza. Watu wa kanisa walipomaliza kukuombea na kunywa chai yote, nimeingia huku chumbani, na mama yako anadhani naandika shajara yangu kama Jumapili nyingine. Wewe umeenda kulala mapema. Unasema chai ya wageni imekukata tumbo. Sote tunajua si chai.

Wiki iliyopita, ulipokuwa ukisoma tena ile barua ya chuo cha uuguzi, uliniuliza mbele ya mama yako, "Baba, na wewe ulisomea hii kazi. Si ungenifunza hata kitu kimoja nisiende kichwa tupu? Ama ulikuwa unapanga chupa tu?" Ulicheka, nami nikacheka. Mama yako hakucheka. Aliondoka akaenda kupepeta ndengu ambazo zilikuwa zimepepetwa asubuhi.

Umenijua nikiwa mtu wa stoo ya dawa. Hujanijua nikiwa na mgonjwa mbele yangu. Lakini kabla hujazaliwa nilikuwa muuguzi, tena peke yangu, katika zahanati moja kule Matinyani, na watu waliniita ndakitali, yaani daktari, nami sikuwasahihisha.

Na kuna swali jingine ambalo hujaniuliza, lakini nimekuona ukilibeba. Ulipokuwa mtoto ukiumwa na tumbo, mama yako alikuchemshia maji, alikubeba mgongoni hadi barabarani, alikesha nawe. Mkono wake haukugusa tumbo lako hata siku moja. Aliniita mimi. Ukiwa darasa la tatu nilikusikia nyuma ya jiko ukimwambia dada yako Mwikali, "Mamake Nzisa humsugua tumbo na mafuta. Wetu huangalia tu." Mwikali akakujibu, "Wetu hana hiyo roho." Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ukuta na kuni mkononi. Nilipaswa kutoka niwaambie ukweli hapo hapo. Nilizipanga kuni.

Maswali yako mawili yana jibu moja. Kesho unaenda mahali ambapo utafundishwa jambo hili kwa picha na kwa majina yake, na sitaki ulijue darasani ndipo ukumbuke nyumbani na kuanza kujumlisha peke yako.

Ukuta wa tumbo la mtu una sehemu dhaifu. Mahali pengine tumezaliwa napo, pengine panaletwa na kazi, uzazi, kikohozi au kisu cha daktari. Pakilegea, utumbo hupata tundu ukajisukuma nje, na chini ya ngozi unaona uvimbe. Hiyo ndiyo henia. Wazee waliiita mshipa na kulisema jina hilo kwa sauti ya chini.

Matinyani niliona za kila namna. Niliona watoto wenye kitovu kilichojitokeza, na mama zao wamefunga sarafu juu yake kwa kitambaa. Nyingi za hizo hujifunga zenyewe mtoto akikua, na sarafu ndiyo husifiwa. Niliona mama mmoja aliyezaa kwa kupasuliwa, kovu lake likawa linavimba kila akijitwisha mtungi. Na niliona wanaume wengi, wachimba visima na wabeba magunia, wenye uvimbe wa kinena, wengine umeshuka hadi kwenye korodani. Wanaume ndio walionipa jina.

Kulikuwa na mzee mmoja mchimba visima, Mzee Kitheka. Alikuwa akiingia zahanati akitembea kama mtu aliyebeba yai kati ya mapaja.

"Ndakitali, mzigo imeshuka tena."

"Mzee, si nilikuambia uende mjini ukashonwe?"

"Nikashonwe, mimi ni gunia? Wewe rudisha tu. Hii mkono yako inajua njia."

Na wenzake kwenye benchi nje wangemtania, "Kitheka, ukikohoa huko ndani utuambie, tukimbie."

Nilimlaza chali, nikainua kitanda upande wa miguu kwa matofali ili matumbo yavutwe kuelekea kifuani, nikamwambia akunje magoti na kupumua kwa mdomo. Kisha nilishika uvimbe kwa vidole vya mikono miwili na kuubana taratibu, kama mtu anayerudisha mboga kwenye kikapu chenye mdomo mwembamba. Ungesikia mgurumo mdogo, na umeingia. Mzee angeamka, ajifunge mshipi na kuniletea papai siku ya soko. Watu walitoka mbali kunitafuta. Nilianza kuamini kwamba kurudisha ndiko kuponya, wakati nilijua vizuri kwamba tundu limebaki palepale, na kwamba kila mmoja wao alipaswa kupelekwa akashonwe hata nilipofaulu. Hasa nilipofaulu.

Na nilijua jambo la pili. Chuoni mwalimu wetu alilirudia mpaka tukalichoka. Uvimbe unaoingia wenyewe mgonjwa akilala, hauna haraka. Lakini uvimbe uliokataa kurudi, ulio mgumu, unaouma ukiguswa, na mgonjwa ameanza kutapika na tumbo linajaa, huo usiubonyeze. Mdomo wa tundu umekuwa kitanzi, utumbo umenyongwa, damu haifiki. Weka mgonjwa kwenye gari, lolote, aende akapasuliwe. Niliandika hayo kwa kalamu nyekundu na mtihani nikaupita. Kwa hiyo usije ukasema baba yako hakufundishwa.

Sasa nikuambie kuhusu nyanya yako, yule uliyepewa jina lake.

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya korongo, karibu na zahanati kiasi kwamba jogoo wao nilimsikia. Lakini hakuwahi kuja kutibiwa kwangu, hata malaria, kwa sababu mimi nilikuwa mkwewe. Wewe umekulia Matiliku na umetuona tukilegeza mengi, huenda hujui ilivyokuwa. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakuangaliana usoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Sikumtaja jina, na kwa kuwa wewe ni Syombua kama yeye, hata leo unanisikia nikikuita "Mama" kuliko ninavyokuita jina lako. Tuliitwa watu wa kuokoka, tukaacha tembo na ngoma, lakini nthoni, hiyo haya ya wakwe, hatukuiacha. Sisemi ilikuwa mbaya. Ilikuwa heshima, na nyumba nyingi ilizilinda. Nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata, usije ukaibebesha mila mzigo ambao ni wangu.

Nyanya yako alikuwa na uvimbe mdogo kwa muda mrefu, na aliurudisha mwenyewe akilala. Hakuwa amemwambia mtu. Siku moja ulikataa kurudi. Alikaa nao, akaanza kutapika, akasema ni maharagwe. Siku ya soko, aliposhindwa kusimama, jirani mmoja mwenye pikapu, aliyekuwa anapeleka magunia ya ndengu Kitui mjini, alimpakia mbele na kumshusha zahanati ili nimwone kwanza. Mama yako alikuwa na mimba yako. Alitoka mbio nyumba ya wafanyakazi, akamshika mamake mkono na kumwingiza chumba cha matibabu. Mimi nilikuwa chumba cha dawa. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao na mlango uliofunikwa kwa pazia.

Sikutoka. Nilisimama nyuma ya pazia.

"Ana nini?" nilimuuliza mama yako.

"Ni uvimbe."

"Wapi?"

Akashusha sauti. "Huku chini. Kwenye mguu unaanzia."

Mwanangu, hapo ndipo ningesimama kama ningekuwa muuguzi na si jina. Katika henia za pande hizo za chini kuna ya kinena, inayotokea juu ya ule mkunjo kati ya tumbo na paja. Na kuna nyingine inayotokea chini ya mkunjo, pale paja linapoanza, na hiyo huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa na wenye umri. Huwa ndogo. Usipotazama kwa macho utaipita. Tundu lake ni jembamba na gumu, na kwa hiyo ndiyo hunyonga upesi kuliko nyingine. Mama yako alikuwa ameniambia kwa aibu yake yote mahali hasa ilipokuwa. Mimi nikasikia kinena, kwa sababu kinena ndicho nilichokijua kwa vidole.

"Muulize imekaa tangu lini."

Wakanong'ona. "Anasema tangu jana." Baadaye tulijua haikuwa tangu jana.

"Ni ngumu?"

"Ni kama yai la kanga."

Kisha nilisikia sauti ya nyanya yako mwenyewe, si kunong'ona tena, sauti ya mtu aliyechoka. Alisema kwa Kikamba, akimwambia mama yako lakini nisikie mimi: "Mwambie aingie aone. Mimi ni mzee. Nthoni tutailipa na mbuzi."

Umeona? Mila yenyewe ilikuwa na mlango, na mwenye haki ya kuufungua alikuwa ameufungua. Mbuzi angechinjwa, wazee wangekula, mambo yangekwisha. Aliyekataa ni mimi. Nilisema, kwa sauti kubwa ili wa kwenye benchi wasikie jinsi nilivyo mkwe mwenye adabu, "Hapana, Mama ni Mama. Hatutafika huko." Na wale wa kwenye benchi wakaguna kwa kukubali. Mzee mmoja akasema, "Huyo ndiye mkwe." Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba nilijisikia vizuri.

Nikamwelekeza mama yako kupitia pazia. Alaze mamake chali. Amkunje magoti. Aweke mto chini ya makalio. Ashike uvimbe kwa vidole na kuubana polepole kuelekea juu.

"Analia," mama yako alisema.

"Mwambie apumue kwa mdomo. Endelea."

"Hauendi."

"Usiachie. Bana na ungoje. Mkono usiwe na haraka."

Nje dereva wa pikapu alipiga honi. Alikuja hadi dirishani, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akaniambia, "Ndakitali, jua inaenda. Nabeba mama ama nabeba ndengu pekee yake?"

Wakati uleule mama yako akaita, "Umeingia! Baba Mwikali, umeingia!" Na nikasikia nyanya yako akishusha pumzi ndefu, na mama yako akicheka na kulia pamoja.

Nikamwambia dereva, "Nenda tu. Imeisha." Akapiga honi tena kuwaaga watu wa sokoni, akaondoka.

Nilimpa nyanya yako tembe za maumivu kupitia pazia. Walimsindikiza nyumbani wakiimba wimbo wa kanisa. Jioni kila aliyepita mlangoni alinipa mkono, na mke wangu nikamsifu mbele yao kwamba ana mikono kama yangu. Mimi ni mtu wa kuandika kila siku na tarehe yake, lakini siku ile nilijaza mstari mmoja tu, kwamba mawingu yamefunga upande wa Mutitu.

Maumivu yalirudi. Nyanya yako aliyavumilia, na walipomuuliza alisema, "Ndakitali amesema imeisha." Hakutaka kuniaibisha mbele ya watu walioimba. Mama yako alipomkuta kesho yake, tumbo lilikuwa gumu kama ubao na mwili unawaka. Tulitafuta gari. Siku hiyo haikuwa siku ya soko, na magari hayakuwa yakipita. Tulimfikisha hospitali mjini alasiri, wakampasua, na hakuamka.

Daktari aliyempasua aliniita kando baadaye, kwa kuwa nilikuwa na koti jeupe, akanieleza kama mtu wa kazi. Utumbo ulikuwa umekufa kabla haujarudishwa. Ulipokuwa nje, umefungiwa kwenye kifuko chake, ulikuwa umeoza mahali pamoja. Kuurudisha kulikuwa kuuachilia uozo huo ndani ya tumbo zima. Akaniambia kuna wakati mwingine unarudisha kifuko kizima pamoja na kitanzi chake, uvimbe unapotea kwenye ngozi na watu wanafurahi, kumbe utumbo bado umenyongwa, umehamia tu ndani ambapo huuoni. Na kuna wakati ukibana kwa nguvu unapasuka. "Uvimbe kutoonekana si dalili ya kupona," alisema. "Angeletwa na uvimbe wake, tungekata kipande na kuunga. Pengine angekuwa hai."

Kisha nikamuuliza swali ambalo nilijua litaulizwa nyumbani. Je, kama aliyebonyeza angebonyeza kwa njia bora? Akatikisa kichwa. "Utumbo ule, hata ungebonyezwa na malaika, ungerudi ukiwa umekufa."

Kwa hiyo nilikuwa na jibu, mwanangu. Nililibeba mfukoni kutoka Kitui hadi Matinyani. Baada ya maziko mama yako aliketi kwenye kitanda chetu, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine, akaniuliza, "Ningebana polepole zaidi, angepona?"

Jibu lilikuwa hapana. Neno moja. Nilimwambia, "Mungu ndiye anajua."

Nimefikiri miaka mingi kwa nini nilisema hivyo. Si kwamba nilimchukia. Ni kwamba kama ningesema mkono wake haukuwa na kosa, angeuliza kosa lilikuwa wapi. Na lilikuwa kwenye dirisha, mahali nilipomwambia mtu wa kofia ya sufu aende na ndengu zake. Nilimtumia Mungu kama pazia la pili.

Ukazaliwa, ukapewa jina. Wanawake wa Matinyani walimwita mama yako awasaidie kuzalisha kama mamake alivyokuwa akifanya, naye akakataa, wakamwona ana maringo. Mimi niliomba uhamisho, nikaomba kazi ya stoo, nikasingizia mgongo. Na wewe ukiumwa na tumbo, mama yako alirudi nyuma hatua moja akaniita. Kila mara nilikuja. Nilikusugua tumbo huku yeye amesimama mlangoni akitazama, na sikusema.

Huko unakokwenda utakutana na mambo mengi kuliko henia. Sitakufundisha kazi, watakufundisha wenyewe. Nitakuambia tu nilichojifunza kwa njia hii mbaya. Mgonjwa akikuambia mahali panapouma, nenda utazame, hata kama kuna sababu nzuri ya kutotazama. Sababu ikiwa nzuri sana, tena na watu kwenye benchi wanaipenda, itazame hiyo kwanza. Na ukimfanyia mtu kitu kikafaulu, usiruhusu gari liondoke kwa sababu ya kufaulu kwako. Mwambie dereva angoje. Atalalamika. Aache alalamike.

Jambo jingine ni kwamba utakosea. Kukosea hakukuwa aibu yangu kubwa. Mtu anaweza kukosea mchana mmoja. Mimi nilirudia kosa lile kila mara ulipoumwa na tumbo.

Nilitaka kumalizia hapo. Nimeisoma barua hii tangu mwanzo na nimeona kwamba ninakuambia wewe kitu ambacho mwenye nacho yuko jikoni anapiga pasi sketi zako. Ngoja.

Nimerudi. Nitaandika yalivyokuwa.

Nilimwambia, "Mama Mwikali, acha hiyo pasi."

"Makaa yataisha bure. Sema tu, masikio hayapigi pasi."

Nikasema yote. Aliendelea kupiga pasi mpaka nilipofika kwa daktari na yule malaika wake. Hapo akaisimamisha pasi.

"Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Kwa hivyo haikuwa mkono."

"Haikuwa mkono."

"Ilikuwa gari."

"Ilikuwa gari."

"Nilisikia honi," alisema. "Mara mbili. Nikasema moyoni, huyo ana haraka gani na Mungu ametusaidia." Aliketi kwenye kile kigoda chake. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena. "Mimi nikioga huwa siangalii hii mikono. Ulijua hivyo?"

"Nilijua."

"Ulijua." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Kisha akauliza, "Na pale mlangoni kwa daktari?"

Nilianza kukunja sketi iliyokwisha kupigwa pasi.

"Umemwandikia Syombua ya mlangoni?"

"Bado."

"Ulikuwa utaandika?"

"Sijui."

"Andika. Usiruke. Yeye ndiye anaenda kukaa na madaktari."

Basi hii ndiyo ya mlangoni. Kabla daktari hajaniita kando, alitoka chumba cha upasuaji akatukuta mimi na mama yako tumesimama. Aliuliza, "Ni nani aliyelirudisha tumbo hili?" Mama yako, na mimba yako imeonekana wazi, na kanga yake bado ina matapishi ya mamake, akasema, "Ni mimi." Daktari akamtazama miguu iliyojaa vumbi. Akamchukulia kuwa mmoja wa wale wakandaji wa vijijini. Akamwambia, mbele ya wauguzi na watu waliokuwa wakingoja, "Mama, tumbo si unga. Mnawakanda watu nyumbani mpaka wafe, halafu mnatuletea." Mama yako aliinamisha kichwa akasema, "Pole, daktari." Mimi nilikuwa kando yake, nimevaa koti langu jeupe. Nilitazama saa yangu.

Nilipokuwa nimesimama jikoni sasa hivi mama yako ameniambia, "Miaka hii yote nilidhani ulinyamaza kwa kunihurumia. Nilikushukuru kwa hiyo."

Halafu akainuka. Nilidhani anarudi kwenye pasi. Alichukua ile chupa ya mafuta iliyo juu ya kabati, akamimina kidogo kwenye kiganja, akapita mbele yangu bila kunigusa, akaingia chumbani kwako. Nimekusikia ukisema, "Mama? Kuna nini?" Naye akasema, "Lala chali. Inua blauzi. Hiyo tumbo imekusumbua tangu mchana." Baada ya muda nikakusikia ukisema, "Mkono yako inatetemeka," naye akasema, "Itazoea."

Kwa hiyo ukisoma haya utakuwa umeshapata jibu kwa mkono wake kabla ya barua yangu, na utajua sasa ulichopata.

Bado yuko huko kwako. Hajaniambia kama amenisamehe, na sikuuliza, kwa sababu leo si siku ya mimi kupewa kitu. Pasi ingali ina moto na sketi yako moja imebaki. Naenda kuimaliza.

Baba yako, ambaye aliambiwa aingie